Kagua Kiungo Kabla ya Rangi

Geti jipya linaweza kung'aa kwa rangi huku viungo vyake vilivyochomelewa vikiwa na vitundu ndani. Kutu, mafuta na unyevu vikipatwa na joto la kuchomelea hutoa gesi. Gesi hiyo ikinaswa kwenye chuma kinachoganda, huacha vitundu.

Fundi, kabla ya kuchomelea, sugua kwa grenda au brashi ya waya hadi chuma king'ae. Bamba nene, tuseme la milimita 10, lichonge kingo mshazari na uache upenyo mdogo ili moto ufike hadi chini. Baada ya kila mstari wa kuchomelea, gonga gaga lote, yaani ganda linalobaki juu yake, litoke, lisije likafunikwa na mstari unaofuata. Elektrodi zitunze pakavu.

Nawe mteja, kagua viungo kabla rangi haijapakwa.