Kanuni ya Kura Kabla ya Wagombea

Uchaguzi wa chama huamuliwa mara mbili: kwanza inapoandikwa kanuni ya kuhesabu kura, kisha wanachama wanapopiga kura. Macho ya wengi huwa kwenye ile ya pili. Kanuni huachwa kwa katibu, na mara nyingi katibu huiiga kutoka chama kingine.

Zanzibar ililijua jambo hili kwa gharama kubwa, na historia hiyo inazihusu familia nyingi za Muscat. Al Khuwair, eneo la wizara na maduka katika wilaya ya Bausher, ni miongoni mwa mitaa ambako Kiswahili husikika majumbani mwa watu wenye asili ya visiwani: waliohama baada ya mapinduzi ya 1964, na waliorejea Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Januari 1961 Zanzibar ilifanya uchaguzi wa viti 22 vya baraza la kutunga sheria. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, mmoja akaenda ASP na wawili ZNP, na baraza likasimama 11 kwa 11. Aliyepanga idadi shufwa ya viti hakuwa ameandika namna ya kuamua sare. Kiti cha 23 kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa Juni, na katika fujo zake watu 68 wakauawa. Julai 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Muungano wa ZNP na ZPPP ukapata 18. Hapakuhitajika wizi wa kura. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa tofauti kubwa, na kila kura iliyozidi hapo haikuongeza kiti. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa na sababu nyingi, ila hesabu hiyo haikumtuliza mtu.

Chama cha wanachama mia hakina majimbo, lakini kina kasoro yake, tena iliyozoeleka mno. Kamati ina nafasi saba, na kila mwanachama huruhusiwa kuchagua majina saba. Kundi la watu 55 likikubaliana majina, huchukua nafasi zote. 45 waliobaki hawapati hata mjumbe mmoja, ingawa ada wanalipa sawasawa. Dawa nyepesi ni kumruhusu kila mwanachama majina manne tu. Walio wengi watapata wajumbe wanne na walio wachache watatu, bila mtu kupendelewa. Ireland na Malta hutumia njia kamili zaidi: mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, na kura iliyozidi kwa mgombea aliyekwisha kupita huhamia kwa anayefuata. Njia hiyo ni ya haki, lakini inataka wahesabuji wenye subira.

Nafasi ya mwenyekiti ni suala jingine, kwa kuwa mtu mmoja hagawanyiki. Wagombea watatu wakipata kura 40, 35 na 25, anayeongoza amekataliwa na watu 60. Tanzania, tangu mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000, humtangaza mgombea anayeongoza kuwa rais hata asipofikisha nusu. Kenya, kwa katiba ya 2010, humtaka avuke nusu na apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosa, uchaguzi hurudiwa kati ya wawili wa juu. Kwa chama ambacho wanachama wake hukutana kila wiki, marudio ya dakika ishirini ni gharama ndogo mno kulinganisha na miaka miwili ya manung'uniko.

Oman yenyewe imebadili kanuni zake hatua kwa hatua. Mwaka 1991 kila wilaya ilipendekeza majina matatu kwa Majlis al-Shura, baraza la ushauri, na Sultani akateua moja. Mwaka 2003 haki ya kupiga kura ikafika kwa raia wote waliotimiza miaka 21, na Oktoba 2023 kura zilipigwa kwa programu ya simu. Simu huondoa foleni, na hilo ni jema. Haiwezi kuzuia baba kukusanya simu za nyumba nzima. Chama kinachotaka kura ya siri bado kinahitaji karatasi, sanduku na pazia.

Yaliyobaki ni ya kawaida: daftari la wanachama lifungwe siku inayojulikana, akidi itajwe kwa namba, kupiga kura kwa niaba ya mwingine kuwe na kikomo, na wahesabuji wasiwe wagombea. Lililo gumu ni wakati. Kanuni inayopendekezwa baada ya majina kujulikana hupimwa na kila mtu kwa faida ya rafiki yake. Kwa hiyo mkutano mkuu uijadili mapema, na mabadiliko yoyote yaanze kutumika katika uchaguzi unaofuata, si huu ulio mlangoni.