Haki ya Mzee Asiyeona Wala Kusikia



Katika familia zetu wapo wazee waliopungukiwa na macho na masikio kidogo kidogo, hata wakawa viziwi wasioona. Mara nyingi twasema, "Ni uzee tu," kisha twamlisha mzee, twamvisha na kumweka kivulini. Lakini wengi wao wana akili timamu. Wanakumbuka, wanasali, na aghalabu bado wanasema. Kilichokatika ni njia ya sisi kuwafikia.

Kwanza, apelekwe hospitali. Mtoto wa jicho huweza kuondolewa kwa upasuaji, na masikio mengine yamezibwa na nta tu.

Ikiwa hakuna tiba, njia iliyobaki ni mkono. Umjiapo, usimshtue. Mguse begani taratibu, kisha umpe alama yako ya kudumu, kama pete au bangili aipapase, apate kukutambua. Ikiwa alijua kusoma, mwandikie kwa kidole kiganjani herufi kubwa, moja moja, ukitua kila neno liishapo. Ikiwa hakusoma, kubalianeni alama: kikombe ni chai, sabuni ni kuoga, fimbo ni matembezi. Mkitembea, yeye akushike juu ya kiwiko, usimkokote. Usihamishe kiti chake bila kumjulisha, wala usiondoke pasipo kumuaga, asije akabaki akizungumza peke yake.

Hapa ndipo haki inapoingia. Shamba lauzwa, na kidole gumba cha mzee chapakwa wino na kubandikwa kwenye karatasi asiyoijua. Huo ni unyang'anyi, hata kama mtendaji ni mwanawe. Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Kifungu cha 54 chawapa wenye ulemavu haki ya kutumia njia za mawasiliano zinazowafaa. Kiganja ni mojawapo.

Basi kila jumuiya ndogo ndogo ichague watu wawili wajifunze alama hizi pamoja na familia ya mzee, na kumtembelea kila juma. Na kabla ya kukata shauri lolote limhusulo, tuulizane: Je, ameambiwa? Naye amejibu nini?