Jina kwenye Karatasi: Mafunzo ya Ufundi kwa Wahamiaji na Wenyeji, Kawangware hadi Kangemi

Mada iliyowasilishwa kwenye warsha ya wakufunzi na viongozi wa vikundi vya jamii, Nairobi

1. Utangulizi

Barua ya mwaliko niliyoletewa ilinitaka nizungumzie mchango wa jamii katika kukuza stadi na kujiamini kwa wahamiaji na wenyeji. Nimepewa dakika 20. Nimekwisha kumwomba mwenyekiti aniruhusu nitumie dakika 15 kwa jambo moja tu, naye alicheka akasema alijua.

Nitayasema haya kwa jina langu. Shirika linalonilipa mshahara lina msimamo wake, na msimamo huo umo kwenye ripoti yake ya mwaka. Naomba mtakaoandika kumbukumbu za kikao mlizingatie hilo.

2. Maana ya istilahi

Mhamiaji ni mtu aliyehama. Mkimbizi ni mhamiaji aliyekimbia mateso au vita na sheria ikamtambua hivyo. Stadi ni uwezo wa kufanya kazi. Kujiamini hakuhitaji tafsiri, na aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi akiwa na bahasha ya kaki mkononi anajua pia kunavyopotea.

Neno "mwenyeji" ndilo lenye utata kidogo. Mwenyeji wa Kawangware mara nyingi ni mtu aliyeshuka basi la kutoka Vihiga, Kakamega au Kisii miaka michache kabla ya mgeni wake kushuka lile la kutoka Kampala. Wote wawili wanalipa kodi ya nyumba kwa mtu asiyeishi hapo. Wote wanapanda matatu namba 46. Tofauti yao kubwa iko kwenye pochi: mmoja ana kitambulisho.

3. Hali ilivyo

Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya laki nane. Wengi wako kambini Dadaab na Kakuma, lakini zaidi ya mmoja kati ya kumi anaishi mjini, hasa hapa Nairobi. Wasomali wengi wako Eastleigh. Upande wetu wa magharibi, kuanzia Kangemi, Kawangware, Riruta na Satellite hadi Kabiria, wageni wengi ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Miaka ya 2012 hadi 2014 watu hawa walijificha. Serikali iliwaamuru warudi kambini mwishoni mwa 2012. Mahakama Kuu ikaifuta amri hiyo Julai 2013 katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Kisha Aprili 2014 ikaja Operesheni Usalama Watch, msako wa vyombo vya usalama, na watu wakajazwa uwanjani Kasarani. Tuliokuwa tukifundisha wakati ule tunakumbuka madarasa yaliyobaki na viti tu.

Leo hali ni nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara au kufanya kazi ya taaluma yake. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, mpango wa serikali wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji, ingawa humo kambi zinatajwa mara nyingi kuliko mitaa. Na mashirika hayajakaa bure. RefuSHE, iliyoanza 2008 kwa jina la Heshima Kenya, inawafundisha kazi wasichana wakimbizi waliofika bila wazazi, na skafu zao za Maisha Collective zinauzwa hata ng'ambo. Duka la Mikono la Wajesuiti linauza kazi za mikono za wakimbizi. Na nyuma ya haya yenye majina kuna vikundi vidogo vya mtaani ambavyo mtaji wake ni chumba cha kanisa, cherehani nne na mama mmoja mwenye sauti kubwa.

Nitoe mfano wa darasa letu la ushonaji, ambalo tangu mwanzo tuliliweka nusu kwa nusu, wahamiaji na wenyeji. Siku ya kwanza ugomvi ulikuwa juu ya tepe. Fundi wa Nairobi hupima kwa inchi. Akisema kiuno ni 32, haongezi neno. Fundi wa Bukavu, Kongo, alijifunza kwa sentimita, kwake kiuno hicho ni 81. Walikuwa wawili kwenye meza moja, kila mmoja akimwona mwenzake hajui kazi, mpaka mmoja akaigeuza tepe upande wa pili. Kufikia mwezi wa pili Wakenya walikuwa wanafundishwa namna ya kukata kitenge ili ua la begani likutane na ua la mkono pasionekane mshono, na Wakongo walikuwa wanajua bei za jumla za Biashara Street na namna ya kumsikia kanjo, askari wa kaunti, kabla hajafika. Mkenya mmoja alianza kuita vitambaa vyake "bikwembe", kama Wakongo wanavyoita vitenge. Mkongo mmoja akasema "poa" kwa mtu mzima, akakemewa na Mkongo mwenzake.

Kwa hiyo mafunzo yanawezekana, na kujiamini kunapatikana. Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

4. Jina

Kifungu cha 28 cha sheria niliyoitaja kinampa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya taaluma au ufundi endapo sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Msikilize neno hilo: zinatambuliwa. Kwa fundi wa mtaani, kutambuliwa maana yake ni cheti cha jaribio la ufundi la Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia daraja la tatu. Kwa aliyekuja na cheti cha kwao, maana yake ni kukipeleka kwa Mamlaka ya Taifa ya Sifa za Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Njia zote mbili zinaanzia mahali pamoja: jina lililo kwenye karatasi hii lifanane na jina lililo kwenye karatasi ile.

Halifanani.

Nitatumia jina la kutunga. Tuseme ni mama kutoka Bukavu aitwaye Nabintu Cirhuza Furaha. Kwao Kongo mtu huandikwa kwa majina matatu: jina, jina la pili, halafu jina la ubatizo mwisho. Hakuna hata moja ambalo lazima liwe la baba yake. Alipofika Nairobi, fomu ilikuwa na vijumba vitatu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Karani akamuuliza, "Jina lako la kwanza?" Akasema Furaha, kwa kuwa ndilo aliloitwa na kila mtu. "La ukoo?" Hakuelewa. Akasema Nabintu. Kijumba cha kati kikabaki tupu. Kwenye cheti chake cha ushonaji cha kule imeandikwa Nabintu Cirhuza, Furaha haimo kabisa. Hospitalini alipojifungua, muuguzi alisikia "Chiruza" akaandika alivyosikia, kwa sababu kwa Mashi, lugha ya kwao, herufi C husomwa "ch" na muuguzi hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Mama mmoja, watu watatu.

Akiwa ni mtu mzima kidogo, tatizo lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu wote wa Zaire, ndiyo Kongo ya leo, wakaandikwa kwa majina ya asili tu. Aliyesoma shule miaka hiyo ana vyeti visivyo na Marie wala Joseph. Utawala ule ulipolegea miaka ya tisini, Marie akarudi. Leo Marie huyo anaulizwa na kijana wa miaka 25 kwenye kompyuta kwa nini vyeti vyake ni vya mtu mwingine, na jibu la kweli linahitaji somo zima la siasa ya Afrika ya Kati.

Warundi na Wanyarwanda nao: watoto wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, hawana jina la ukoo la kushirikiana. Msomali ana jina lake, la baba na la babu. Mwethiopia ana lake na la baba. Fomu yetu inawaona wote kama wanaficha kitu.

Nisieleweke kuwa nasema hili ni tatizo la wageni. Siku ya kupanga karatasi za kuwaandikisha wanafunzi wetu kwa jaribio la ufundi, tulitandika mkeka tukaweka kila mtu na rundo lake. Wenye majina yasiyofanana walikuwa wengi kuliko wenye yanayofanana, na Wakenya walikuwamo. Mama wa Kangemi ana jina la mume kwenye kitambulisho na jina la baba kwenye cheti cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023. Kijana wa Kibera wa jamii ya Wanubi alingoja kitambulisho muda ambao jirani yake asiye Mnubi hakungoja. Na tuwakumbuke Washona, waliokuja Kenya miaka ya sitini kuhubiri, wakajulikana kwa useremala na vikapu, na hawakutambuliwa kuwa raia hadi Siku ya Jamhuri ya 2020. Miaka kama 60 ya ufundi bila uraia.

Sasa, kinachotokea fundi anapokosa karatasi. Anashona vizuri kuliko mwalimu wake. Anapata mteja wa sare za shule. Mteja anataka kulipa kwa M-Pesa, na laini ya fundi imesajiliwa kwa jina la mama mwenye nyumba, kwa sababu wakati anainunua karatasi yake haikukubaliwa. Mteja anatuma, anaangalia simu, anauliza: "Huyu ni nani?" Fundi anaeleza. Anaeleza tena wiki inayofuata kwa mteja mwingine. Nimewaona watu ambao tuliwafundisha kusimama wima na kutaja bei bila kutetemeka, wakirudi kuinama juu ya cherehani na kumwachia jirani Mkenya azungumze na wateja, naye jirani achukue chake. Sisi tuliandika kwenye ripoti kwamba wamejengewa kujiamini. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika.

Nimekwenda na watu hawa kwenye madirisha mengi kwa miaka mingi. Sitataja ofisi. Katika moja tuliambiwa tuapishe hati kwa wakili. Tukaapisha, tukalipa, tukarudi, tukaambiwa hati ya kiapo haisahihishi mfumo, mfumo husahihishwa kule ulikoandikiwa. Tukaenda kule. Kule wakatuambia wao wameandika kilichosemwa na mhusika. Mhusika alikuwa amesimama hapo. Nakiri karani hakutudharau, hata kiti alitupatia. Alikuwa na kijumba kilichokataa kubaki tupu na mkubwa asiyepokea simu.

5. Mapendekezo

Nimeshauriwa mapendekezo yawe yanayotekelezeka. Baadhi yanajirudia, nimeyaacha makusudi.

Kwanza, kila kikundi kiangalie majina siku ya kuandikisha mwanafunzi, kabla hajashika mkasi. Karatasi zote mezani, herufi kwa herufi. Hili halihitaji mfadhili.

Pili, mwanafunzi aandikwe kwa jina lililo kwenye kadi yake ya mkimbizi au kitambulisho chake hata kama limekosewa, na jina analoitwa liwekwe pembeni. Tusimtengenezee jina la nne. Vyeti vyetu vya kuhudhuria, vile vyenye utepe, vimechangia vurugu hii.

Tatu, naiomba kwa heshima Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ifikirie kuwa na siku maalumu ya kusahihisha majina mitaani, Kawangware na Kangemi, badala ya kila mtu kufunga safari peke yake. Natambua kwamba idara ina shughuli nyingi na watumishi wachache.

Nne, makarani wapewe ukurasa mmoja unaoeleza majina yanavyokaa Kongo, Rwanda, Burundi, Somalia na Ethiopia. Ukurasa mmoja. Nimeupendekeza huu kwenye warsha nyingine mbili.

Tano, madarasa yaendelee kuwa nusu kwa nusu. Mfadhili anayetaka wakimbizi watupu aelezwe habari ya tepe.

Sita, mamlaka za mitihani zikubali barua moja ya pamoja inayosema majina haya ni ya mtu mmoja, ikiwa na picha na alama za vidole.

Saba, vikundi vijisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, ambayo inataka watu wasiopungua 10. Kikundi chenye cheti kinaweza kuwasindikiza wanachama wake dirishani, na mtu aliyesindikizwa husikilizwa tofauti.

Nane, narudia la kwanza. Majina yaangaliwe siku ya kwanza.

Tisa, anayemkopesha jirani laini ya simu anafanya wema lakini anajitia hatarini, na anayekopeshwa pia. Hili peke yake nalisema kwa niaba ya shirika.

Kumi, fedha za mafunzo ziwe na fungu la nauli, picha za pasipoti na fotokopi. Tumenunuliwa cherehani za stima zilizobaki kwenye maboksi, na mwanafunzi akakosa jaribio la ufundi kwa kukosa nauli ya kwenda Industrial Area kurudisha fomu.

Kumi na moja, fomu tuliyoibuni mtaani ya kulinganisha majina inapatikana bure. Imo kwenye mkoba mliopewa asubuhi, ukurasa wa mwisho. Naomba radhi, kuna kosa la chapa: safu ya tatu, panaposomeka "Jina la ukoo (lazima)", neno "lazima" lifutwe. Kalamu ziko pale mlangoni, karibu na chai.