TAJIRI NA MASKINI SI MAJINA YA MAKABILA

(Maneno ya mhadhara uliosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)





Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo ambalo husemwa sana barazani na sokoni, lakini aghalabu husemwa kwa hasira na si kwa hisabu. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini katika nchi moja, chini ya bendera moja, watu wa kabila moja huonekana wana maduka na akiba, na watu wa kabila la pili huonekana wana jembe na deni? Watu wengi wana jawabu tayari. Wako wasemao kwamba hawa ni wavivu na wale ni wachapa kazi. Wako wasemao kwamba wale ni wezi na hawa wameibiwa. Majawabu haya mawili yanagombana, lakini ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili humwondolea msemaji taabu ya kuchungua.

Sisi tumechagua kuchungua khabari za Wamalay na Wachina wa Malaysia, na hatukuichagua nchi hiyo kwa kubahatisha. Ni nchi iliyokuwa na masultani wake chini ya ulinzi wa Mwingereza, kama ilivyokuwa Zanzibar tangu mwaka 1890. Mkataba wa Pangkor wa mwaka 1874 ndio uliomwekea Sultani wa Perak mshauri wa Kiingereza aitwaye Rezidenti, na cheo hicho twakijua vyema hapa kwetu. Wamalay ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi, chakula chao ni wali, samaki na nazi, na kisiwa chao cha Penang kiliwahi kupanda mikarafuu. Walipata uhuru tarehe 31 Agosti 1957. Jina la Malaysia lilianza tarehe 16 Septemba 1963, na haikutimia miezi mitatu Zanzibar nayo ikapata uhuru wake, tarehe 10 Disemba 1963. Basi tukiwatazama wao, twatazama watu waliopitia mlango unaofanana na wetu.

HISABU YA MWAKA 1970

Tuanze na hisabu. Mwaka 1970, katika rasi ya Malaysia, serikali ilikadiria mapato ya nyumba. Nyumba ya Kimalay ilipata, kwa wastani, ringgit 172 kwa mwezi. Nyumba ya Kichina ilipata ringgit 394. Yaani Mchina alipata zaidi ya mara mbili ya Mmalay. Katika kila nyumba 100 za Wamalay, nyumba kama 65 zilikuwa katika umaskini. Katika nyumba 100 za Wachina, ni kiasi cha 26. Ama hisa za makampuni, Wamalay, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi, walikuwa na 2.4 katika 100 tu.

Mwenye kusikia hisabu hiyo na kuishia hapo atatoka mkutanini na ghadhabu. Atasema, “Kumbe Mchina ameshika kila kitu!” Lakini, ndugu zetu, hisabu haisomwi nusu. Katika hizo hisa 100, zaidi ya 60 hazikuwa mikononi mwa Mmalay wala mwa Mchina. Zilikuwa za wageni wa nje, khasa makampuni ya Kiingereza yaliyokuwa na mashamba ya mpira na machimbo ya bati, na wakubwa wake wakikaa London. Wenyeji wawili walikuwa wakitazamana kwa jicho baya juu ya makombo, na sinia lilikuwa limekwisha pelekwa ng'ambo.

Na jambo la pili. Hao Wachina 26 katika 100 waliokuwa maskini walikuwa ni watu wa kweli. Wakati wa vita vya msituni, vilivyodumu tangu 1948 hata 1960, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu watu kiasi cha nusu milioni, wengi wao Wachina wakulima, ikawatia katika vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge. Mchina wa kijiji kile, anayelima mboga chini ya ulinzi wa bunduki, hakuwa na duka wala benki. Lakini mtu akisema “Wachina ni matajiri”, huyo naye humtia hesabuni.

HALI HIYO ILITOKA WAPI?

Tofauti ile haikutoka katika damu za watu. Ilitengenezwa, na tunaweza kuonyesha jinsi ilivyotengenezwa.

Katika karne ya kumi na tisa Wachina walimiminika Perak na Selangor kuchimba bati. Baadaye Watamil waliletwa kutoka India kugema mpira. Wamalay waliachwa katika mpunga na uvuvi. Mwaka 1913 ikatungwa sheria ya ardhi za hifadhi ya Wamalay, ili ardhi hizo zisiuzwe kwa watu wengine. Nia ilisemwa kuwa ni kumlinda mkulima, na kweli ilimlinda asinyang'anywe shamba. Lakini ardhi isiyoweza kuuzwa ila kwa Mmalay mwenzake ilikuwa na thamani ndogo, wala haikuwa rahani ya kutosha kwa mwenye kutaka mkopo. Mkulima alibaki na shamba, akakosa mtaji.

Kisha tutazame skuli. Mwingereza aliwajengea Wamalay wa vijijini skuli za lugha yao, za miaka michache, na wakubwa wa serikali walieleza bila ya haya kwamba makusudio ni kumfanya mtoto wa mvuvi awe mvuvi hodari kuliko baba yake. Si kumfanya mganga, wala mhandisi, wala mfanya biashara. Kwa wana wa wakubwa ilifunguliwa skuli ya bweni ya Kuala Kangsar mwaka 1905, wakatoka humo makarani na maofisa wa serikali. Wachina, ambao serikali haikuwajali sana, walichangishana fedha katika vyama vyao wakajenga skuli zao wenyewe. Tena walikuwa wamekaa mijini, penye barabara, reli, bandari na benki. Na mtu aliye karibu na bandari huiona biashara kabla ya yule aliye mwisho wa mto.

Basi mmoja alifungiwa shambani na wa pili akasukumwa sokoni. Baada ya miaka 80 watu wakauliza kwa nini wa pili anajua kuuza.

MEI 13 NA SIYASA MPYA

Ulipokuja uhuru, wakubwa wa pande zote walipatana. Wachina na Wahindi wapewe uraia, na Katiba, katika kifungu cha 153, itambue hadhi makhsusi ya Wamalay. Mapatano hayo yalikuwa ya wakubwa, na vijijini maisha hayakubadilika sana. Uchaguzi ulifanywa tarehe 10 Mei 1969. Siku tatu baadaye, tarehe 13 Mei, mji wa Kuala Lumpur ukawaka moto. Hisabu ya serikali ilisema watu 196 walikufa, na wengi wao walikuwa Wachina. Bunge likasimamishwa hata Februari 1971.

Baada ya msiba huo, serikali ya Tun Abdul Razak ilitangaza, mwaka 1971, Siyasa Mpya ya Uchumi. Ilikuwa na makusudio mawili, na tunaomba wanachama wayashike yote mawili. La kwanza, kuuondoa umaskini kwa watu wote bila ya kutazama kabila. La pili, kuipanga upya jamii ili kazi ya mtu isijulikane kwa kabila lake. Muda uliowekwa ulikuwa miaka 20, na shabaha ilikuwa Wamalay na wenyeji wenzao wafikie hisa 30 katika 100 ifikapo mwaka 1990.

Njia zilikuwa nyingi. Shirika la FELDA, lililoanzishwa mwaka 1956, lilipasua misitu likawapa wakulima wasio na ardhi mashamba ya mpira na michikichi, pamoja na nyumba, barabara, miche na viwanda vya kukamulia mafuta. Jamaa zaidi ya 100,000 walipata makazi. Vijana wa vijijini walipelekwa vyuoni kwa maelfu. Na mashamba ya Waingereza yalinunuliwa. Tarehe 7 Septemba 1981, asubuhi moja, katika soko la hisa la London, shirika la serikali ya Malaysia lilinunua hisa za kutosha kuitwaa kampuni ya Guthrie yenye mashamba makubwa. Hakuna tone la damu lililomwagika.

MAVUNO NA MAKAPI

Ilipofika 1990, umaskini katika nchi nzima ulikuwa umeshuka hata kiasi cha nyumba 17 katika 100. Hisa za Wamalay na wenyeji wenzao zilikuwa 19.3 katika 100. Shabaha haikufikiwa, lakini walikuwa wametoka mbali. Je, Wachina walinyang'anywa? La. Hisa zao nazo zilipanda zikapita 45. Zilizoshuka ni za wageni wa nje, tokea zaidi ya 60 hata kiasi cha 25. Uchumi ulikua, na kilichogawanywa kilikuwa kikubwa kuliko cha zamani. Hapo pana fundisho kubwa: ni rahisi kumwongezea mmoja bila ya kumpunguzia mwenzake pale nchi inapozalisha zaidi, na ni vigumu mno pale nchi inapogombania kisichokua.

Lakini hatukuja kusifu tu. Makapi yalikuwa mengi. Leseni na kandarasi zilizotengwa kwa Wamalay ziliwafikia mara nyingi wale waliojuana na wakubwa. Ukazuka mtindo uitwao “Ali Baba”: Ali Mmalay ana leseni, Baba Mchina ana mtaji, Ali hulipwa kwa jina lake na hajifunzi kazi yoyote. Watamil wa mashamba ya mpira, waliokuwa maskini vile vile, hawakuwa na nguvu ya kusikilizwa, wakabaki nyuma. Vijana wengi wa Kichina waliokosa nafasi vyuoni walikwenda nchi za nje na wengi hawakurudi. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2011 kwamba Wamalaysia kiasi cha milioni moja wanakaa ng'ambo. Na ule muda wa miaka 20 ulipokwisha, upendeleo uliendelea kwa majina mengine.

Mwaka 2016 nyumba ya Mmalay na wenyeji wenzake ilipata wastani wa ringgit 6,267 kwa mwezi na ya Mchina ringgit 8,750. Pengo limepungua sana, lakini lipo. Na ndani ya Wamalay wenyewe limefunguka pengo jingine, baina ya waziri mwenye majumba na mvuvi wa Kelantan. Mwaka 2020 Najib Razak, mtoto wa yule Tun Razak aliyeianzisha siyasa ile, naye akiwa amepata kuwa Waziri Mkuu, alitiwa hatiani na mahakama katika kesi ya fedha zilizohusiana na mfuko wa 1MDB. Mvuvi wa Kelantan na tajiri wa Kuala Lumpur ni kabila moja. Nani kati yao alikula?

NA SISI VISIWANI?

Ndugu wanachama, sisi nasi tulihesabiwa kwa makabila. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, viti vya wasiokuwa maofisa viligawiwa Waarabu, Wahindi na Wazungu, na Mwafrika hakupata kiti hata mwaka 1946. Tulifundishwa kujitazama kwa jina la kabila kwanza, na matumbo yetu baadaye. Zama za Siasa zilipokuja tulikuta maneno yamekwisha pandwa. Juni 1961 walikufa watu 68. Januari 1964 tuliona makubwa zaidi. Ardhi ikataifishwa, na baadaye zikagawiwa eka tatu tatu. Lakini mwenye eka tatu alitaka pia barabara, miche, mkopo na bei ya haki. Na kwa miaka mingi mkulima wa karafuu alilazimika kumwuzia mnunuzi mmoja kwa bei aliyopangiwa. Alibadilishwa jina la bwana shamba, hali yake ikabaki ile ile.

Hata leo yapo maneno ya namna ile. Ripoti za serikali yenyewe juu ya mapato na matumizi ya kaya zimeonyesha mara kwa mara kuwa umaskini wa Pemba ni mkubwa kuliko wa Unguja. Wako watakaosema ni tabia ya watu wa huko, na wako watakaojibu kwa matusi ya upande wa pili. Sisi twasema: leteni hisabu ya barabara, bandari, skuli, hospitali na umeme, mwaka kwa mwaka, tuone kila upande ulipewa nini na lini. Baada ya hapo ndipo tuzungumze tabia.

Kwa hivyo twawasilisha mambo manne mbele ya tawi. Kwanza, chama kidai hisabu za maisha zitolewe kwa kila shehia, ili mwenye shida ajulikane kwa shida yake, si kwa jina la babu yake. Pili, msaada wa serikali utolewe kwa haja, na orodha ya waliopewa isomwe hadharani. Tatu, skuli ya kijiji cha mwisho ipewe mwalimu sawa na skuli ya mjini, kwani pengo lililoanzia darasani halizibwi sokoni. Nne, upendeleo wowote utakaowekwa kwa sababu ya haki uwekewe tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika uchunguzwe mbele ya watu.

Na mwanachama atakayesimama barazani kusema kwamba kabila fulani ndilo adui wa maendeleo yetu, aulizwe kwa adabu: hisa zile sitini ziko mikononi mwa nani? Asipoweza kujibu, basi na arudi kuchungua, kama tulivyotakiwa sisi.