Mgonjwa Asiyekuwemo Kwenye Orodha: Mhadhara Kuhusu Kuunganisha Majedwali ya Hifadhidata



Kuna swali ambalo muuguzi mkuu wa kliniki yoyote ya magonjwa sugu huliuliza mara kwa mara: wagonjwa wetu ni akina nani, na kila mmoja amehudhuria mara ngapi mwaka huu? Kwa daftari la karatasi, karani angeinamia kazi hiyo kutwa nzima. Kwa kompyuta, jibu linatoka papo hapo. Jioni hii nataka kueleza jinsi jibu hilo linavyoweza kutoka upesi, likapangwa vizuri, likachapishwa na kupelekwa wilayani, huku likiwa limewaacha nje wagonjwa walewale ambao kliniki inahangaika kuwatafuta.

Nitatumia mfumo mmoja wa kweli, kwa sababu umekulia huku kwetu Afrika Mashariki. OpenMRS ni mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na mpango wa AMPATH wa Eldoret, Kenya, ambao Chuo Kikuu cha Moi ni mshirika wake. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu, Rwanda. Programu yake imeandikwa kwa Java, data zake hukaa katika MySQL, na katikati yake imesimama Hibernate, ambayo nitaieleza baada ya muda mfupi.

Tuanze na majedwali yenyewe. Jedwali liitwalo patient lina safumlalo moja kwa kila mgonjwa. Jedwali la encounter lina safumlalo moja kwa kila hudhurio, na kila hudhurio limebeba namba ya mgonjwa aliyekuja. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa nje: yenyewe haitwambii lolote juu ya mgonjwa, inatuonyesha tu pa kumtafuta. Kisha kuna jedwali la obs, ambalo kwa kawaida hukua kuliko hayo mengine, kwa kuwa kila kilichopimwa au kuulizwa huandikwa katika safumlalo yake: uzito peke yake, joto la mwili peke yake, kikohozi kama kipo au hakipo peke yake. Kilichopimwa hakiandikwi kwa jina bali kwa namba ya dhana. Katika kamusi ya dhana ya CIEL, inayotumiwa sana na vituo vya OpenMRS, 5089 ni uzito kwa kilo, na 5497 ni idadi ya seli za CD4. Faida ya mpango huu ni kubwa. Daktari akitaka kuanza kurekodi kipimo kipya, inaongezwa dhana tu, wala hakuna jedwali linalobomolewa. Lakini tunailipia faida hiyo, maana karibu kila swali la maana sasa linadai kuunganisha majedwali, na mara nyingine kuliunganisha jedwali la obs na lenyewe.

Wazo la kuunganisha majedwali kwa kufuata thamani zilizomo ndani yake tumelipata kwa Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California. Makala yake ilitoka mwaka 1970. Wakati huo mtu mashuhuri katika fani hii alikuwa Charles Bachman, mbunifu wa hifadhidata ya IDS katika kampuni ya General Electric. Alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1973, Bachman alimweleza mwandishi wa programu kuwa ni mwongoza chombo, anayepita ndani ya data kutoka rekodi moja hadi nyingine kwa kufuata alama alizowekewa. Codd alitaka mwandishi huyo aondolewe mzigo wa safari. Aseme anachokitaka, na mashine yenyewe itafute njia. Mwaka 1974 wawili hao walijadiliana hadharani huko Ann Arbor, Michigan. Mwaka huohuo Donald Chamberlin na Raymond Boyce walitoa lugha ya kuulizia ambayo leo tunaijua kwa jina la SQL, na mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM wakaonyesha jinsi mashine inavyoweza kukadiria gharama za njia mbalimbali na kuchagua iliyo nafuu. Codd naye alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, na mimi naona alistahili.

Hata hivyo, lugha tunazoandikia programu hazifikirii kwa majedwali. Zinafikiria kwa vitu. Hudhurio ni kitu, na vipimo vyake ni mkusanyiko ambao kitu hicho kimeubeba. Ili kuziba pengo hilo zikaandikwa programu za kuoanisha vitu na majedwali. Kwa ufupi nitaziita vioanishi. Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ni kimojawapo. Django, iliyozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ina kioanishi chake. SQLAlchemy ya Mike Bayer ilitoka mwaka uliofuata. Unaandika kwa lugha ya programu yako, nacho kinatunga SQL, kinaipeleka kwa hifadhidata, na kukurudishia vitu.

Sasa angalieni kinachotokea. Mwanafunzi anaomba orodha ya mahudhurio 200, kisha kwa kila moja anaita getObs() ili apate vipimo vyake. Kioanishi, kwa nia njema ya kutoleta mzigo usioombwa, kilikuwa hakijaleta vipimo hivyo. Kwa hiyo kinauliza swali moja kwa ajili ya orodha, na maswali mengine 200, moja kwa kila hudhurio. Kila swali likichukua milisekunde 5, sekunde nzima imekwenda. Hifadhidata ikiwa kwenye seva ya mbali, na kila safari ikachukua milisekunde 100, tunafika sekunde 20, na mgonjwa ameketi mbele ya daktari akingoja. Tumerudi palepale alipokuwa Bachman, tunatembea kutoka rekodi hadi rekodi, tofauti ni kwamba sasa safari haionekani kwenye maandishi ya programu. Dawa yake inajulikana. Katika Hibernate unaagiza vipimo viletwe katika swali lilelile kwa JOIN FETCH. Katika Django, select_related huunganisha majedwali pale uhusiano unapoelekea kwa mmoja, na prefetch_related huuliza swali la pili kwa kutumia orodha ya funguo pale unapoelekea kwa wengi. Sitakaa sana hapa, kwa sababu mfumo unaokwenda polepole humkera mtu, naye hulalamika, na hatimaye hutengenezwa. Kinachonikosesha usingizi ni jibu lisilo sahihi linalotoka haraka.

Turudi kwa muuguzi wetu. Ukiunganisha patient na encounter kwa unganisho la ndani, mgonjwa hutokea tu ikiwa ana hudhurio la kulinganishwa naye. Asiye nalo hatokei kabisa. Hapewi sifuri, hawekewi alama yoyote, hayumo. Lakini mgonjwa wa dawa za kupunguza makali ya VVU ambaye hajafika kliniki mwaka huu ndiye ambaye mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapaswa kumfuata nyumbani. Swali limeulizwa kwa namna inayomfuta mtu kwa sababu ileile inayomfanya atafutwe.

Unganisho la kushoto, LEFT JOIN, linambakiza. Katika SQLAlchemy, join ya kawaida ni ya ndani mpaka uombe outerjoin kwa jina lake. Katika Django, kuchuja kwa sharti la jedwali la upande wa pili kwa kawaida huzaa unganisho la ndani, na neno lenyewe la kuunganisha huliandiki popote. Hata mtu mwangalifu ananaswa. Anaandika unganisho la kushoto, kisha anaongeza kwenye WHERE kwamba tarehe ya hudhurio iwe ya mwaka huu. Mgonjwa asiye na hudhurio ana tarehe tupu, na tarehe tupu haifaulu katika ulinganisho wowote. Anatoka tena, safari hii mbele ya macho ya mtu aliyejitahidi kumbakiza. Sharti hilo linapaswa kukaa ndani ya ON, sehemu ya unganisho lenyewe. Hapo mgonjwa anabaki na idadi yake ni sifuri. Django ilipata njia nzuri ya kusema hivyo katika toleo la 2.0, mwaka 2017, kwa FilteredRelation na kwa kuiwekea Count sharti lake yenyewe. Anayezitumia ni yule tu aliyekwisha kujua kwamba kuna tofauti.

Kosa la pili huongeza hesabu badala ya kuipunguza. Mgonjwa amehudhuria mara tatu na ameandikiwa dawa mara nne: vidonge 30, 30, 60 na 60, jumla 180. Ukimuunganisha na mahudhurio na dawa katika swali moja, kila hudhurio linakutana na kila dawa na safumlalo zinakuwa 12. Ukihesabu mahudhurio unapata 12. Ukijumlisha vidonge unapata 540, na bohari ya dawa itaagiza kwa hesabu hiyo. Wengi hukimbilia DISTINCT, agizo la kuondoa marudio. Kwa kuhesabu mahudhurio kwa funguo zao inafaa. Kwa kujumlisha vidonge inazifuta 30 moja na 60 moja zilizo halali, na jumla inakuwa 90. Nyaraka za Django zinaonya waziwazi kwamba kuchanganya jumla kadhaa kwa annotate hutoa majibu yasiyo sahihi kwa sababu hii. Hibernate yenyewe hukataa kuleta kwa pamoja makusanyo mawili ya aina ya begi, yaani yasiyo na mpangilio na yanayoruhusu marudio. Nakupenda kukataa huko, maana kunamlazimisha mtu asimame afikiri.

Kosa la tatu ndilo linalojificha kuliko yote. Tuseme majedwali haya yanasomwa na programu ya takwimu iliyoandikwa kwa Django, nasi tunawataka wagonjwa waliopimwa uzito ukawa chini ya kilo 40. Masharti mawili, dhana iwe 5089 na thamani iwe chini ya 40, yakiwekwa ndani ya filter moja, lazima yatimizwe na safumlalo ileile ya obs. Yakigawanywa katika filter mbili zinazofuatana, safumlalo moja yaweza kutimiza la kwanza na nyingine kabisa ikatimiza la pili. Joto la mwili la nyuzi 37 liko chini ya 40. Kwa hiyo mtu mzima wa kilo 82, aliyepimwa uzito na joto asubuhi ileile, anaingia kwenye orodha ya waliokonda. Namna zote mbili ni halali kwa kompyuta, na zote zinasomeka vizuri.

Pamoja na hayo, simwombi yeyote avitupe vioanishi. Katika OpenMRS kumbukumbu iliyoandikwa kimakosa kwa kawaida haifutwi, huwekewa alama ya kubatilishwa katika safuwima iitwayo voided. Huduma za Java za mfumo huo huziacha nje kumbukumbu hizo zisipoombwa, ilhali mtu anayeandika SQL yake ya ripoti kwa mkono husahau sharti hilo kwa urahisi na kuzihesabu hata zilizokwisha kubatilishwa. Kioanishi pia hutenganisha thamani anazoandika mtumiaji na maandishi ya swali, na kwa hilo huzuia aina nzima ya mashambulizi. Kazi hizo kinazifanya vizuri kuliko sisi. Kujua mgonjwa asiye na hudhurio ahesabiwe au asihesabiwe si kazi yake, kwa kuwa hilo ni jambo la kliniki, na halimo katika majedwali.

Ndiyo maana naiomba idara yetu ipange upya mpangilio wa masomo. Mwanafunzi aandike SQL kwa mkono kwa muhula mzima kabla hajagusa kioanishi. Akikigusa, awashe chaguo la kuonyesha maswali yanayotungwa, liitwalo show_sql katika Hibernate na echo katika SQLAlchemy, na aweze kueleza kila JOIN iliyomo mbele ya mwalimu wake. Tena data za majaribio za kila mradi wa mwaka wa tatu ziwe na wagonjwa watatu: mmoja asiye na hudhurio hata moja, mmoja mwenye mahudhurio kadhaa na dawa kadhaa zenye idadi zinazofanana, na mmoja wa kilo 82 mwenye joto la nyuzi 37. Mradi ambao ripoti yake inakosea kwa yeyote kati yao urudishwe kwa mwenyewe, hata kama kurasa zake zinafunguka haraka na kupendeza.