Birika ya vijiti na maji ya kunywa kule shambani

(Maneno yaliyosemwa kwa mkutano wa wanamemba waliorudi Masisi na Walikale)

Komite imeniomba niongee juu ya hii birika ambayo imezunguka kwa mikono yenu tangu asubuhi. Wengine mumesema ni chombo cha kuchoma pombe. Hapana. Ni ya kuchemsha maji.

Wakati tulikuwa kwa kambi, Bulengo, Lushagala, Rusayo, maji ilikuwa shida, lakini mara nyingi yalikuja na kamio na yalikuwa na kloro. Tangu Februari 2025, zile kambi zilipovunjwa, wengi wetu tumejikuta kwa nyumba bila mlango na kwa mashamba yenye majani marefu kutupita. Maji ni ya mto, ao ya chemchem yenye bomba ilishavunjika. Mtu anaenda kulima mbali, analala kule siku tatu, hana sufuria kubwa, hana kuni, kiu inamushika saa sita: anainama anakunywa. Hapo njo kolera inapita. Wakubwa wanakumbuka Goma, Julai 1994: kwa mwezi mmoja tu, wakimbizi karibu 50,000 walikufa kwa kolera na kuhara damu. Ugonjwa ule haukutoka kwa nchi hii. Uko hapa, unangojea maji machafu.

Sasa birika yenyewe. Inatoka Ayalandi, kwa wavuvi wa ziwani wa County Mayo, jamaa moja inayoitwa Kelly, mwisho wa karne ya 19. Wavuvi wale walikuwa na shida kama yetu: mvua, upepo, kuni kidogo. Angalieni ndani. Katikati kuna shimo linapita toka chini mpaka juu, kama bomba la moshi. Maji hayako ndani ya shimo, yanazunguka shimo, kati ya kuta mbili za bati. Chini kuna kisahani cha moto. Unawasha vijiti kwa kisahani, unaweka birika juu yake, moto unapanda ndani ya shimo na unagusa maji pande zote. Upepo unaouzima moto wa mafiga, hapa unausaidia. Kisha unatupia vijiti vingine toka juu, kidogo kidogo. Vijiti vikikauka, litre moja na nusu inaweza kuchemka kwa dakika tano hivi.

Kuni gani? Vitawi vya mikaratusi vilivyoanguka, magunzi ya mahindi, majani makavu ya ndizi, mianzi iliyopasuka. Kwa Masisi miti ni ya wenyewe, na mwenye pasture hapendi kuona mtu na panga kwa fensi yake. Vijiti vya chini hakuna mtu anavigombania. Kwa Walikale kuni si haba, shida ni mvua: zinalowana. Basi weka fungu moja chini ya paa, na ukienda shambani beba kiganja kimoja ndani ya mfuko wa plastiki. Mama anayechukua vijiti kando ya shamba haendi peke yake ndani ya pori. Munajua mambo yanayowapata wamama kwa pori, sitayarudilia hapa mbele ya watoto.

Sikilizeni hii vizuri. Birika iko na kizibo. Kizibo ni cha kubebea maji njiani tu. Ukiacha kizibo na kuwasha moto, mvuke hauna pa kutokea, birika inaweza kupasuka na kuunguza uso. Toa kizibo kwanza, halafu moto. Tena usiiweke kwa moto bila maji, bati itaungua. Ukiinua, usipitishe mkono juu ya shimo, ulimi wa moto unatoka pale. Na usiwashe ndani ya nyumba ao ndani ya tenti: moshi wa moto uliofungwa unaua mtu akilala.

Baba mmoja wa Katoyi ameuliza: huku kwetu kwa milima maji yanachemka upesi, je, yanakuwa na moto ya kutosha? Swali zuri. Ni kweli, juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa metre 2,000 ni karibu nyuzi 93. Lakini mdudu wa kolera anakufa kabla ya hapo. Subiri maji yabubujike kabisa, si mapovu madogo ya pembeni. Kwa chini, kama Walikale centre, dakika moja inatosha. Juu ya metre 2,000, acha dakika tatu. Kama maji ni ya matope, yatulize kwanza na uyachuje na kitambaa safi.

Nisiwadanganye: hii birika si ya nyumba nzima. Jamaa ya watu sita inakunywa litre kumi na zaidi kwa siku, na ni nani atakaa hapo kuwasha mara saba? Kwa nyumba, jenga jiko la udongo linalofunga moto pande zote na chemsha kwa sufuria yenye kifuniko, ao tumia kloro ya sentre de sante kama ipo. Birika ni ya njia, ya shamba, na ya usiku mtoto akianza kuhara na unataka maji safi ya SRO sasa hivi. Kama hakuna SRO: litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mpe, huku munaenda kwa sentre, musingoje asubuhi.

Maji yaliyochemka yanaharibika tena mtu akichovya kopo yenye mikono michafu. Yamwage ndani ya bido ya mdomo mdogo, funga, na mimina, usichovye.

Fundi wa bati anaweza kuigiza hii, nimeongea na mmoja. Lakini asiunganishe na risasi, risasi inaingia kwa maji. Achomelee ao akunje bati. Komite imekubali kununua mbili za kujaribu, moja kwa wa Masisi, moja kwa wa Walikale. Anayezichukua ataandika jina kwa sekretere na kuirudisha siku ya soko.