Jengo la Michezo Lucky Summer: Karatasi Kabla ya Mawe



Lucky Summer ni mojawapo ya wadi tano za Ruaraka, pamoja na Utalii, Korogocho, Mathare North na Baba Dogo. Uwanja wa Kasarani, uliofunguliwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, hauko mbali. Lakini mtoto wa Gredi ya Sita hawezi kubeba mpira wake wa makaratasi akaingia Kasarani saa kumi jioni. Anahitaji uwanja wa karibu, na kando yake jengo dogo lenye maji, choo, vyumba vya kubadilishia nguo na paa la kuwakinga watazamaji. Vyumba hivyo si anasa. Mvulana hubadilisha jezi nyuma ya ukuta akaingia uwanjani. Msichana hawezi, na mara nyingi huacha mchezo kimyakimya.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la vifaa vya michezo. Kwa hivyo wakazi wana mlango wa kubisha. Taabu ni kwamba wengi hubisha ukiwa umeshafungwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufike katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Mkazi anayesimama Juni kudai jengo atapigiwa makofi, lakini amechelewa karibu mwaka mzima.

Ardhi ni suala gumu zaidi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria kote nchini, na Nairobi haikusazwa. Kipande ambacho kila mtu hukiita "uwanja wetu" huenda hakina jiwe la mpaka hata moja. Kabla ya mwanakandarasi kuitwa, mpimaji apime, mipaka iwekwe, na hati ionyeshe kwamba ardhi hiyo inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi. Jengo likisimama juu ya ardhi yenye mgogoro, amri moja ya mahakama hulisimamisha kwenye lenta.

Kuna pia udongo. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi ina udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Msingi ukikaa juu yake, kuta hupata nyufa. Udongo huo sharti uchimbwe na kuondolewa hadi tabaka gumu, kisha shimo lijazwe mawe na kushindiliwa. Kazi hii hula pesa na haionekani baada ya sakafu kumwagwa, ndiyo maana fundi mjanja huiruka. Wakazi wana haki ya kuja kutazama shimo likiwa wazi, na waje.

Baada ya utepe kukatwa, nani atalipa maji na mlinzi? Nani atafungua milango Jumapili asubuhi? Hapo jirani, Mathare, chama cha michezo ya vijana cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, kilizipa timu zake pointi za ligi kwa kuzoa takataka mtaani. Timu za Lucky Summer zinaweza kupewa zamu za usafi kwa mtindo huo. Bili ya maji, hata hivyo, hailipwi kwa pointi, na lazima itengewe fungu katika bajeti ya kila mwaka.

Ombi la wadi liandikwe, litiwe saini na manahodha wa timu zote, za wasichana zikiwemo, na lifikishwe kabla ya Julai kwisha. Nakala moja yenye muhuri wa kupokelewa ibaki mikononi mwa wakazi.